Thamani ya Jambo Lisilotokea

Alfajiri ya tarehe 28 Septemba 2023 niliamshwa na mlio wa simu. Aliyekuwa akipiga ni mpwa wangu wa Tabata, kijana ambaye usingizi wake huliwa na Marekani, kwa kuwa mpira wa kikapu wa huko huchezwa wakati sisi tumelala. Saa ile mzee hupigiwa simu kwa sababu moja tu, nami nilikwisha kukaa kitandani nikisubiri kutajiwa jina la marehemu. "Shikamoo mjomba," alisema kwa pupa, na kabla sijaitikia akaongeza, "Tumempata Lillard!"

"Sisi" yake ilikuwa timu ya Milwaukee Bucks, ambayo hajapata kuiona kwa macho wala hajui baridi ya mji wake ikoje. Nikamwuliza swali ambalo mtu yeyote wa umri wangu huuliza akisikia fulani kapata kitu: wametoa nini? Akanijibu, "Ah, wametoa Holiday tu."

Neno hilo "tu" limenikaa moyoni tangu siku ile. Kurasa hizi zimetokana nalo.

Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Jrue Holiday alikuwa mchezaji wa Milwaukee kwa misimu mitatu. Hakuwa mtu wa kulinda pekee. Msimu wa mwisho alikuwa akifunga wastani wa pointi 19 kwa mchezo. Lakini sifa yake ilikuwa ulinzi. Alikuwa akipewa mfungaji hatari wa upande wa pili, naye humwandama kama kivuli, kifua kwa kifua, hadi yule mfungaji aukinai mchezo. Damian Lillard wa Portland alikuwa kinyume chake. Huyu ni mfungaji kweli kweli, mtu anayeweza kutupa mpira kutoka mbali kiasi cha kuwafanya watu wacheke, kisha ukaingia. Februari 2023 alifunga pointi 71 katika mchezo mmoja dhidi ya Houston. Kwa ulinzi hakuwa na jina. Milwaukee wakamtoa mlinzi wakamchukua mfungaji, na katika biashara hiyohiyo Grayson Allen naye akapelekwa Phoenix.

Nataka niwatendee haki viongozi wa Milwaukee, maana ni rahisi kuwacheka sasa. Miezi mitano kabla, timu yao iliyokuwa imeshinda michezo 58, kuliko nyingine yoyote msimu ule, ilitolewa na Miami katika hatua ya kwanza kabisa ya mtoano. Jimmy Butler wa Miami alifunga pointi 56 katika mchezo wa nne na 42 katika wa tano, na aliyekuwa akimkabili kwa muda mwingi ni Holiday huyohuyo. Juu ya hayo Giannis Antetokounmpo, nguzo ya timu, alikuwa amesema hadharani kwamba hatatia saini mkataba mpya mpaka aone nia ya kushinda. Ungekuwa wewe, msomaji, ungefanya nini? Wahenga wanatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini Lillard hakuwa msala upitao. Alikuwa zulia la Uajemi, na lilikuwa likiuzwa siku ile.

Hivyo basi sisemi kwamba kubadilishana kule kulikuwa upumbavu. Ninachouliza ni kingine. Inakuwaje mtu aliyesaidia timu kutwaa ubingwa wa kwanza baada ya miaka 50 awe "tu"?

Twende nyuma kidogo, Julai 17, 2021, mjini Phoenix. Ni mchezo wa tano wa fainali, kila upande umeshinda miwili. Zimebaki sekunde kumi na kitu, Milwaukee wanaongoza kwa pointi moja, 120 kwa 119, na mpira anao Devin Booker wa Phoenix, mfungaji asiyejua woga. Booker anaingia ndani, anazungukwa, anageuka. Na anapogeuka anamkuta Holiday, ambaye haupigi mpira wala hausukumi bali anautwaa mikononi mwake, kama mtu anayempokea mgeni mzigo mlangoni. Kisha anakimbia nao, anaurusha juu, Giannis anaudaka hewani na kuutia kikapuni. Milwaukee wakashinda 123 kwa 119, na siku tatu baadaye wakawa mabingwa.

Mpwa wangu anayo picha ya tukio lile ukutani kwake. Aliye katika picha ni Giannis, hewani, mkono juu ya ringi.

Tazama jinsi jambo lile lilivyoandikwa katika hesabu za mchezo. Kwa Giannis, pointi mbili. Kwa Holiday, kupokonya mpira mara moja na pasi moja. Walau yeye safari ile aliandikwa kitu. Mara nyingi zaidi, mlinzi anapofanya kazi yake vizuri hapaandikwi chochote, kwa sababu hakuna kilichotokea. Mfungaji alitaka kupita kushoto akakuta mtu. Akataka kutupa akaona mkono mbele ya macho. Akamrudishia mwenzake mpira. Ni mitupo mingapi ambayo haikutupwa kwa ajili ya Holiday? Hakuna daftari la mitupo isiyotupwa.

Na daftari hilo halijapata kuwapo. Ligi ya Marekani haikuanza kuhesabu rasmi mipira iliyozuiwa wala iliyopokonywa mpaka msimu wa 1973/74. Maana yake ni kwamba Bill Russell wa Boston, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, na ambaye watu wengi humhesabu kuwa mlinzi mkuu kuliko wote, hana hata mpira mmoja aliozuia uliosajiliwa katika vitabu rasmi. Alistaafu mwaka 1969. Pointi zake zote zimo, moja moja. Kazi iliyompa jina haimo. Tuzo ya mlinzi bora wa mwaka nayo ilianza msimu wa 1982/83, na wa kwanza kuipokea, kwa kejeli ya historia, alikuwa Sidney Moncrief, mchezaji wa Milwaukee.

Si kwamba wenye mchezo walikuwa wajinga. Mchezo wenyewe, kama dunia ilivyo, unaupenda ufungaji. Novemba 22, 1950, Fort Wayne walikwenda Minneapolis wakakaa na mpira mikononi usiku kucha kwa kuogopa kuutoa, wakashinda kwa pointi 19 dhidi ya 18. Nani atalipa kiingilio kutazama mambo hayo? Mwaka 1954 ikawekwa sheria ya kutupa mpira ndani ya sekunde 24, na kwa maoni yangu ilikuwa sheria ya hekima. Mtu halipi fedha yake aje atazame mambo yasiyotokea.

Hapa sina budi kuungama jambo langu mwenyewe, maana bila hilo neno "tu" la kijana yule lisingenichoma.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa viongozi wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, ambacho sitakitaja. Tulikuwa na mama mmoja mkaguzi wa mikopo, mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ilikuwa kupita kwa waombaji kabla fomu zao hazijafika kwenye kamati. Ukisema una duka, atakwenda kuliona duka, na atakaa kwenye benchi la nje kuanzia asubuhi hadi adhuhuri akihesabu wanunuzi. Ukileta mdhamini, atamfuata mdhamini kwake jioni, mbele ya mkewe, amwulize kama anajua alichotia saini. Wanachama walimwita Mama Hapana. Mimi nami nilimwita hivyo, asipokuwapo.

Ikaja hoja kwamba chama hakikui. Vyama vingine vilikuwa na vijana wenye pikipiki wanaozunguka kuhamasisha watu wajiunge. Sisi tulikuwa na mtu wa kuwarudisha nyumbani. Fedha ya mshahara ilikuwa ya mtu mmoja. Tulikaa kikao kisichozidi saa moja, tukaamua mama yule apumzike, aajiriwe kijana mchangamfu mwenye diploma ya masoko. Nilinyoosha mkono kuunga mkono. Nakumbuka hata soda niliyokuwa nakunywa.

Kijana alifanya kazi aliyoitiwa, wala sina neno naye. Wanachama waliongezeka karibu maradufu, mikopo ikatoka, mkutano mkuu ukatupigia makofi. Mwaka wa tatu marejesho yakaanza kusuasua. Ukifuata duka lililoandikwa kwenye fomu unakuta ukuta. Ukifuata mdhamini anasema alidhani anatia saini ya mahudhurio. Chama hakikufa, lakini kuna wajane waliokuwa wameweka akiba zao ambao walizungushwa miezi mingi ndipo walipwe, na wengine kati yao tunasali pamoja.

Msomaji atadhani nimefika mahali pa kusema: unaona, tulikosea, na Milwaukee nao walikosea. Sitaki kusema hivyo haraka, kwa sababu hoja ya matokeo ni hoja mbovu, hata inapokuwa upande wako.

Kweli, matokeo ya Milwaukee yalikuwa machungu. Lillard alianza kwa kufunga pointi 39 katika mchezo wake wa kwanza, na mpwa wangu akanipigia tena. Lakini timu iliyokuwa miongoni mwa tano bora za ulinzi ikashuka hadi nusu ya chini ya ligi. Januari 2024 walimwondoa kocha wao, Adrian Griffin, ingawa alikuwa ameshinda michezo 30 kati ya 43. Wakatolewa na Indiana hatua ya kwanza mwaka 2024, wakatolewa na Indiana hatua ileile mwaka 2025. Na Holiday? Portland hawakukaa naye; siku chache baada ya kumpokea walimpeleka Boston, na Juni 2024 Boston wakawa mabingwa naye akiwamo.

Ukiyapanga hivyo yanakuwa kama hadithi ya kufundishia watoto. Lakini mwaka 2024 Giannis hakucheza mtoano wote kwa sababu ya jeraha la mguu, na Aprili 2025 Lillard mwenyewe alikatika mshipa wa kisigino katikati ya mchezo. Mlinzi gani angezuia hayo? Boston nao walikuwa na kikosi kizuri hata kabla ya Holiday kufika. Kuna mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1956 St. Louis waliwapa Boston nafasi ya kumchukua Russell, wao wakapokea wafungaji wawili, Ed Macauley na Cliff Hagan. Leo kila mtu huwacheka St. Louis. Lakini mwaka 1958 walewale St. Louis waliwafunga Boston katika fainali wakawa mabingwa, Russell akiwa ameumia kifundo cha mguu. Mtu aliyetoa hukumu mwaka ule angesema nini?

Tena kuna kosa la upande wa pili, na sisi Watanzania tunalifahamu kwa karibu. Mwaka 2009 Memphis walikuwa na nafasi ya pili ya kuchagua mchezaji chipukizi katika Marekani nzima. Wakamchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, urefu wa futi 7 na inchi 3, ambaye chuoni Connecticut alikuwa akizuia mitupo kama anayefukuza nzi. Nasi tulishangilia, na bado najivunia kwamba alifika pale. Lakini waliomchagua waliwaacha James Harden, aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Kumbe hata ulinzi una sehemu yake inayoonekana, nao ni urefu na mpira unaopigwa ukaruka hadi kwa watazamaji. Memphis walinunua ulinzi unaoonekana. Haikupita miaka miwili, Februari 2011, wakampeleka Houston, na kati ya waliopokea ni Shane Battier.

Huyo Battier ndiye ninayetaka msomaji amkumbuke. Mwandishi Michael Lewis aliandika makala ndefu juu yake mwaka 2009, akieleza habari ya mchezaji ambaye ukisoma tarakimu zake humwoni kabisa, lakini akiwa uwanjani timu yake hucheza vizuri zaidi na wapinzani vibaya zaidi. Battier hakuwa akiruka kuzuia mpira. Alikuwa amejifunza ni wapi Kobe Bryant hapendi kutupia, akimsukumia huko polepole, na anapotupa anamwekea kiganja mbele ya macho. Basi. Memphis wakaingia mtoano wa 2011 wakiwa timu ya nane na ya mwisho, wakaitoa San Antonio iliyokuwa ya kwanza. Na mchezo wa kwanza wa mfululizo ule, ambao ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu timu ianzishwe, ulipatikana kwa mtupo wa pointi tatu katika nusu dakika ya mwisho, na aliyeutupa ni Battier. Hilo likaandikwa.

Kwa hiyo swali la haki si kama kuzuia ni bora kuliko kufunga. Swali ni namna ya kumtambua anayezuia, maana hata mlinzi wa usiku anayelala hadi alfajiri anaweza kusema wezi hawakuja kwa sababu yake. Ukihesabu wezi wasiokuja, aliyelala na aliyekesha wote wamepata sawasawa. Huwezi kuwatofautisha mpaka uende usiku ukawaone. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa akituketisha kandoni mwa kiwanja cha saruji na kutukataza kutazama mpira. "Tazameni miguu," alisema. Ilikuwa adhabu kubwa; mpira unakuvuta jicho kama moto. Lakini baada ya dakika kumi ulianza kuona watu ambao hukujua wamo uwanjani.

Katika kikao chetu hakuna aliyetazama miguu. Hapo ndipo ninapoliona kosa langu, na lingekuwa kosa hata kama kila mkopo ungelipwa hadi senti ya mwisho. Tulikuwa na haki ya kubadilisha mtumishi. Chama si cha mama yule, kama timu isivyo ya Holiday. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyetamka kwa sentensi moja kile tunachokitoa. Hakuna aliyeuliza, huyu mama akishaondoka, nani atakaa kwenye lile benchi la nje? Tulilijadili tunalolipata kwa muda wa saa nzima, na tunalolitoa tukaliita "kupumzika." Bei ya kitu unachonunua huandikwa na muuzaji, ya kile unachokitoa, ni wewe uiandike, na sisi tuliacha nafasi ile wazi.

Nilikwenda kumwona, nimechelewa kwa miaka. Nilimkuta anachambua mchele barazani. Nikampa shikamoo, akaniitikia na kunivutia kigoda. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kwa tabia yetu ya kukwepa nikaanza kwa kumwuliza kama anakumbuka alikataa fomu ngapi katika miaka yake yote pale. Alifikiri kwa muda. "Baba, nitajuaje?" akasema. "Zilizokataliwa tulikuwa tunawarudishia wenyewe." Kisha akaniuliza habari za mmoja wa wale wajane, kwa jina, kama alishalipwa. Nilipomwambia ndiyo, alilipwa mwaka juzi, akashukuru Mungu na kuendelea na mchele wake. Ile radhi niliyoijia niliiomba tayari nimesimama, nikiwa karibu na ngazi, na sijui hata kama aliisikia vizuri.

Mpwa wangu naye amekua kidogo. Julai 2025 alinipigia, safari hii mchana. Milwaukee walikuwa wamemwachia Lillard aende akiwa bado anauguza kisigino, na wamekubali kuendelea kumlipa zaidi ya dola milioni 100 kwa awamu za miaka mitano ili asiwachezee. Lillard amerudi Portland. Na mwezi huohuo Boston, kwa kuelemewa na gharama, wamemtoa Holiday, naye amekwenda Portland, timu ileile ambayo mwaka 2023 ilimshika siku chache bila kumvalisha jezi.

"Kwa hiyo mjomba, wote wawili sasa wako pamoja," akasema, na nikasikia kwamba anataka kucheka lakini kicheko hakiji.

Nikamwuliza sasa Milwaukee wamebaki na nani wa kukaba.

Akanyamaza kidogo. "Ngoja niangalie," akasema.

Bado sijapata jibu lake.